Nilikuwa bingwa wa drafti online, Matai nikapangiwa baba mkwe

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo. Hii sijasimuliwa, imenikuta mimi mwenyewe, na chumvi sijaongeza.

Miaka ile internet cafe zinaanza kuingia Sumbawanga, mimi kijana wa mtaa wa Izia nikagundua kwenye kompyuta kuna drafti. Unacheza na mtu yuko Ulaya huko, hana sura, ana username tu.

Nikawa natandika watu balaa.

Washikaji wakaniita "Intaneshino". Nami nikawa naitika, kichwa kimevimba.

Yakatangazwa mashindano ya drafti mji mdogo wa Matai. Nikapanda gari nikiwa nimeshaanza kuwahurumia wenyeji.

Raundi ya kwanza nikapita. Ya pili nikapangiwa mzee mmoja kavaa koti zito (baridi ya Ufipa, anayebisha aje mwezi wa sita). Kabla sijakaa, mchumba wangu Gaudensia, aliyekuja kunishangilia, akaninong'oneza:

"Huyo ndiye baba."

Na posa nilikuwa sijapeleka!

Wakuu, online hakuna shikamoo. Unamla mtu kete tatu kwa mpigo, unalipia muda wako, unaenda kula ugali. Hapa nimemwamkia mzee, kaitikia "marahaba" macho yakiwa ubaoni, na watu wamejazana mpaka madirishani.

Nikapiga hesabu za kikubwa: nikimfunga, nimepata ushindi nimekosa mke. Nikaanza kumwachia kete mojamoja, kistaarabu kabisa.

Mzee akasimamisha mchezo.

"Kijana, unaniachia?"

"Hapana, baba."

"Unaniachia. Mtu anaachia kete hovyo hivi, nikimpa binti si atamwachia naye?"

Kumbe habari zetu alishazipata kitambo. Ukumbi mzima kicheko. Gaudensia kajifunika uso na kitenge.

Mzee akapanga kete upya. "Haya, sasa cheza."

Nikacheza, wakuu. Nilivua sweta. Nilitoa ufundi wote niliowatesea Wazungu.

Nikafungwa vibaya kuliko ile ya kuachia.

Mzee akanipa mkono, kwa huruma kabisa:

"Nisamehe, mwanangu. Kumbe hukuwa unaniachia."

Posa ilipokelewa. Nadhani aliona mkwe wa namna hii hana madhara.

Nilichojifunza: online unacheza na kete, mezani unacheza na mtu, na mtu ana binti.

Mabingwa wa online mliowahi kuumbuka mezani, mwageni yenu hapa, nisichekwe peke yangu.