Mama Nota na Swali la Samweli

Mama Nota alishona nguo ili ale, na kwaya aliifundisha kwa sababu bila kwaya angeugua. Jina hilo walimbandika wanakwaya wenyewe, wakidhani halijui. Alilijua siku nyingi, na lilimkaa vizuri. Mtu akiteleza kidogo tu kule mstari wa nyuma, alimjua bila kugeuka, wala hakuwa na simile: wimbo ulisimama hapohapo, na mwenye kosa akarudia peke yake mbele za watu. Walimwogopa, wakampenda, na waliimba vizuri.

Sasa magoti yake yalikuwa yamechoka. Msaidizi wake, binti mmoja muuguzi, alikuwa tayari kushika nafasi yake. Ilibaki kuaga tu, na kuaga kungekuwa jambo jepesi kama Samweli asingeingia kati.

Katika darasa la Biblia walikuwa wamefika kwa nabii huyo, aliyewaongoza Waisraeli tangu ujana hadi mvi. Siku ya kuwaachia mfalme wao, hakuomba zawadi wala hotuba za kumsifu. Alisimama mbele ya watu wote akawauliza amechukua ng'ombe wa nani, amemwonea nani, waseme naye arudishe. Wakamjibu hakuna. Wenzake darasani wakafungua sura iliyofuata, lakini Mama Nota alibaki palepale.

Kwa nini aliuliza? Swali lilimng'ang'ania hata akiwa kwenye cherehani. Kama mikono yake ilikuwa safi, ya nini kuuliza? Na kama hakuwa na uhakika, alipata wapi ujasiri wa kuuliza hadharani, badala ya kupita nyumba kwa nyumba kimyakimya? Alishona kola nzima juu chini akiwaza hayo, ikabidi afumue. Jioni akamfuata mumewe jikoni, aliyekuwa akimenya viazi.

"Hivi, baba, Samweli alijua watamjibu nini?"

"Mimi nitajuaje? Kamuulize mwenyewe."

"Sitanii, bwana."

Mume akaweka kisu chini. "Labda hakujua. Kama alijua, basi hakuwa anauliza. Alikuwa anajisifu tu."

"Na mimi nitawauliza wanakwaya wangu."

"Sawa. Ila kama unataka kupigiwa makofi, mke wangu, usiulize."

Alikasirika sana, maana makofi ndiyo hasa aliyoyataka.

Hata hivyo aliuliza. Katika mazoezi yake ya mwisho, ukumbini, baada ya wimbo wa mwisho, alifunika kinanda akawageukia.

"Kabla sijamkabidhi binti huyu, niambieni. Kuna mtu niliyemwonea? Kuna nilichomchukulia mtu? Semeni, nirudishe kama naweza."

"Umetuchukulia Jumamosi zetu zote, mwalimu!" akadakia mama mmoja wa soprano, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. "Hakuna, mwalimu! Hakuna!"

Moyo wake ukatulia tuli. Alikuwa ameshainamisha kichwa aanze sala ya kukabidhi, mara mkono ukainuka kwenye mstari wa besi.

Alikuwa seremala, mtu mzima mwenye wajukuu, mpole, asiyekosa mazoezi. Alisimama wima kila wimbo, macho kwa mwalimu. Mara nyingi Mama Nota alikuwa amewaambia wengine wamwige.

"Samahani, mwalimu. Sijui kama huku ni kuonewa," akasema. "Nilipojiunga tulikuwa tunajiandaa kwa uzinduzi wa kanisa. Sauti yangu ilikuwa inashuka chini ya nota. Ukaniambia, 'Wewe leo fumbua mdomo tu, sauti usitoe.'"

Mama Nota alijaribu kukumbuka. Hakukumbuka chochote. "Ikawaje?"

"Hukuniambia tena nitoe sauti."

Hakuna aliyecheka.

"Tangu siku ile?"

"Tangu siku ile. Nilikuwa nangoja uniambie. Baadaye nikaona haya kuuliza. Lakini maneno nayajua yote, mwalimu."

Sikio la Mama Nota lilizoea kuwinda makosa, na mtu aliyenyamaza hakosei; ndiyo maana akamsifu. Iliuma, na iliuma vibaya. Maneno "si ungesema" yalimfika ulimini, akayameza. Hapo ndipo alipomwelewa Samweli: mtu kama seremala huyu asingebisha hodi nyumbani kwa mwalimu wake hata siku moja. Ilibidi aulizwe mbele ya wote, ili naye ajibu mbele ya wote.

Pamoja na maumivu, hamu ya kujua ikampanda.

"Sauti yako ikoje?"

"Sijui, mwalimu. Huwa naimba karakanani, mashine ikinguruma."

Akafunua kinanda, akabonyeza nota moja. "Toa."

Seremala akasafisha koo, akaitoa. Ilikuwa sauti nene yenye mikwaruzo, na ilikuwa imeshuka vilevile kama zamani. Mtu akaguna kwa nyuma. Mama Nota akamkata jicho. Binti muuguzi akasogea taratibu, akamkumbusha sala.

"Sikabidhi leo," akajibu. "Kuna mwanakwaya sijamfundisha."

Akaburuta kiti mpaka kwenye mstari wa besi, akaketi kando ya seremala, akamwimbia ile nota mwenyewe.

"Umeshuka. Rudia," akasema. "Na ukikosea, kosea kwa sauti, nikusikie."