Mbeleko Kwenye Kiota cha Fundichuma

Nikiwa mtoto pale Matambarale, nguo ya mtoto mchanga haikuachwa nje jua likizama. Bibi, mama yake baba, alikuwa akikagua kamba ya nguo kila jioni. "Ndege akiichukua, kamchukua na mwenyewe," alimwambia mama. Mama aliitikia, "Ndiyo, mama," akaanua.

Siku moja mama alirudi kutoka kuokota korosho akiwa hoi, akasahau. Asubuhi mbeleko ya mdogo wangu Hamisi haikuwepo. Haikupita wiki Hamisi akashikwa na homa, kisha degedege, macho juu, mikono imekakamaa.

Watu wakaenda kumtafuta ndege. Fundichuma, yule wa kahawia mwenye kishungi kisogoni, alikuwa na kiota kikubwa kama tenga juu ya mkuyu wa bondeni. Pembeni mwake kilining'inia kitambaa chekundu. Ilikuwa mbeleko yetu, niliiona kwa macho yangu.

Mama alitaka kumpeleka mtoto zahanati. Bibi akasimama mlangoni. "Mtoto wa degedege hachomwi sindano! Mnataka kumuua? Nguo ishuke kwanza."

Baba akamsikiliza mama yake. Lakini kiota cha fundichuma hakiguswi ovyo, ukikibomoa unajiletea balaa, kwa hiyo akapanda baiskeli kumfuata mganga kijiji cha Nandagala. Hata leo damu inanichemka. Jamani, baiskeli ilikuwepo, zahanati ilikuwepo!

Mbeleko ilishushwa alasiri. Bibi akaingia nayo mbio, akamkuta Hamisi ameshakata roho mapajani kwa mama. Halafu wote wakamgeukia mama, eti mzembe, kampa ndege mtoto. Kabla msimu haujaisha akaandikiwa talaka. Baba alitusindikiza hadi kwenye gari la kwenda kwao mama, Marambo, mizigo yetu ikiwa juu ya baiskeli ileile.

Kijiji kinakumbuka kwamba bibi alionya na ikawa. Ikawa, ndiyo, kwa sababu walikaa siku nzima wakiingoja iwe.

Siku hizi napiga picha za ndege. Wenzangu wananicheka, mtu mzima kushinda vichakani Jumapili na kamera shingoni, akinyemelea ndege asiyeliwa. Ndege wengine nawafuata kwa kuwapenda. Huyu namfuata kwa hasira. Mwezi uliopita nikakipata kiota chake, nikajibanza asubuhi nzima nikimpiga picha akibeba vitu: sandarusi, soksi, kipande cha chandarua, mfupa wa mbuzi. Anaokota chochote. Hajui cha mtoto wala cha mkubwa.

Mama alipokuja kwangu Ruangwa nikamwonyesha picha, nilikuwa nimezihamishia kwenye simu.

"Tazama, mama. Anabeba takataka tu. Hakumchukua Hamisi."

Alizitazama picha zote taratibu, simu karibu na macho, kama anayetafuta kitu.

"Yetu ilikuwa nyekundu," akasema. "Niliiacha nje mwenyewe."

"Mama, ile ilikuwa malaria. Wangekuacha uende zahanati angepona."

"Najua, mwanangu."

Akanirudishia simu. Nilidhani yameisha, kumbe anatazama uani, jua linazama.

"Nguo za mtoto wako bado ziko kwenye kamba," akasema.

Nikataka kumbishia. Nina picha, nina kila kitu. Nikainuka, nikaenda kuzianua, na kabla sijaingia ndani nikazihesabu.