Mtaa Wetu Ulivyoonekana Mwekundu Kutoka Angani

Nyie mlioezeka bati mkajiona matajiri, sogeeni hapa, hii inawahusu.

Mimi mwenyewe nilijiona tajiri, hapahapa mtaani Makanyagio. Nilikata miarobaini yangu yote mitatu uani, nikaongeza vyumba, nikaezeka bati jipya, dari hakuna. Mwezi wa kumi lile bati mjusi alikuwa hapiti bila ndala. Kunguru alitua mara moja tu, akaondoka ameiva.

Chumba kimoja nikamweka mama yangu mzazi. Alikuwa amepooza upande mmoja, nikamtoa kijijini kwenye nyumba yake ya nyasi ili awe karibu na hospitali. Siku ya kwanza tu akaniambia, "Baba, umeniweka kwenye sufuria, halafu umefunika."

Nikacheka. Mama naye kwa utani. Baada ya siku chache akaacha kula, midomo ikapasuka, akawa haongei. Nikajua ugonjwa ndio unaendelea. Nikazidi kumfungia dirisha asipigwe na upepo.

Basi tukaitwa ofisi ya mtaa. Dada mmoja mtaalamu akabandika ukutani picha kubwa kama shuka. Akasema mji mzima umepigwa picha na setilaiti, chombo kinapita huko angani juu kuliko ndege, na kinaona joto. Upande wa msitu ulikuwa bluu. Mtaa wetu mwekundu kama nyama buchani.

Akaweka kidole pale kwetu. "Hapa penye wekundu tutapita kesho."

Sasa kwetu nyumba ikishapata rangi nyekundu ni ile X, unavunjiwa. Hayo mengine ya joto hayakuniingia. Kulipokucha nikapanda juu na nyundo, nikang'oa bati zote, tingatinga likija likute kuta tupu. Mama nilimbeba mgongoni. Alikuwa mwepesi kama kanga iliyokauka, na hapo siongezi chumvi. Nikamlaza kwenye jiko la jirani, kibanda cha udongo na nyasi.

Saa saba mchana yule dada akafika na mwenyekiti wa mtaa.

"Mzee, hii nyumba imefanyaje?"

"Nimewarahisishia kazi. Vunjeni."

Mwenyekiti akashika kichwa. "Wewe bwana, nani kakwambia wanavunja? Wanapima joto."

"Nyekundu ni joto tu, baba," dada akasema. Akachungulia chumba cha mama, akaona godoro. "Humu kuna mtu alikuwa anashinda mchana?"

Mimi mwenye mdomo mrefu kuliko barabara ya Kibaoni, nikasema maneno mawili tu: "Mama yangu." Nikawapeleka jikoni kwa jirani.

Mama alikuwa amemaliza kikombe kizima cha uji, macho yako wazi. Baadaye mvua za kwanza zilikuja kumkuta ameshazikwa, maana mwili ulikuwa umeshachoka. Lakini siku ile ulimi ulikuwa umerudi wote.

Dada akapiga magoti. "Shikamoo bibi. Kile chombo cha angani ndicho kilituonyesha kwamba huku kwenu mnaungua."

"Marahaba, mwanangu." Mama akanyoosha ule mkono mzima, akanionyesha mimi. "Hicho kiko mbinguni huko kimeniona. Huyu analala chumba cha pili."