Nyayo za Kuingia Tu

Mwaka 1973, nikiwa na miaka kumi, baba yangu alifariki kwa homa na mimi nikatolewa shule nikiwa darasa la tatu. Mama hakunizungusha. Aliniambia Jumapili jioni akiwa anafunga ndizi: "Kesho huendi shule. Unashuka na mimi sokoni." Nikashuka. Tangu siku hiyo sijakalia dawati tena, na kila nilicho nacho nimekipata kwa kubeba, kuuza na kubishana bei.

Watu wakisikia hivyo wananihurumia kwa kukosa hesabu na jiografia. Hesabu nilijifunza sokoni, na jiografia ya Arusha naijua kwa visigino. Kilichoniuma ni kingine. Nilitolewa shule katikati ya hadithi.

Mwalimu wetu wa darasa la tatu alikuwa na kitabu alichokivalisha gazeti ili kisichakae, kwa hiyo hatukuwahi kuona jina lake. Kila Ijumaa kipindi cha mwisho alikitoa kwenye kikapu akatusomea kidogo. Hadithi yenyewe ni hii. Mzee mmoja ana shamba la migomba mlimani. Kila shamba linaponyweshwa jioni, asubuhi anakuta mkungu mmoja umekatwa. Chini ni tope, na kwenye tope kuna nyayo za mtu mmoja, zinaingia shambani mpaka kwenye ule mgomba. Za kutoka hakuna. Mzee amezunguka shamba zima. Mtu ameingia, hajatoka, na hayumo. Wajukuu wake wawili wa kike wanaapa kumkamata. Ijumaa yangu ya mwisho darasani wale wasichana wamejibanza nyuma ya ghala la mahindi, wamesikia panga likigonga mgomba, mmoja amenyanyua taa, na kengele ya shule ikalia. Mwalimu akafunga kitabu. Jumatatu mimi niko sokoni na mkungu kichwani.

Nani alikuwa anaiba? Na alitokaje? Nimezeeka nikiuliza.

Niliuza ndizi, kisha nikauza nguo za mitumba Ngaramtoni siku za soko, nimezimwaga kwenye turubai, napiga kelele kuliko wanaume. Vitabu vilinijia kwa bahati. Familia moja ya wageni ilikuwa inahama Sekei, inauza vitu vya nyumbani, nami nikaenda kununua mapazia. Wakanisukumizia na boksi la vitabu vya watoto ili waondoe uchafu. Niliyapanga mapazia mbele na vitabu pembeni. Mapazia yalikaa. Vitabu viliisha kabla jua halijawa kali, na watoto wakawa wanarudi kuuliza kama vipo vingine.

Hapo nikajua ninachouza.

Sasa nina kibanda cha bati kando ya barabara, na wazazi wanakuja kuniuliza wamnunulie mtoto kitabu gani. Wanataka ushauri kutoka kwangu, niliyeishia darasa la tatu. Nawapa, tena bila aibu. Kiswahili nakisoma mwenyewe, polepole, kidole kwenye mstari. Vya Kiingereza sivisomi, nasimuliwa. Mbele ya kibanda nimeweka benchi, na sheria ya benchi ni moja: mtoto yeyote, awe na hela asiwe nayo, anaruhusiwa kukaa hapo asome sura ya mwisho ya kitabu chochote bure. Lakini kwanza anisimulie yote yaliyotangulia. Akiweza, anapewa mwisho. Asipoweza, anarudi nyuma akasome. Muuzaji mwenzangu wa jirani alinicheka: "Mama, wewe unagawa utamu unauza maganda. Utafunga duka." Yeye ndiye aliyehama. Mimi sitaki mtoto atoke kwangu ananing'inia nyuma ya ghala la mahindi.

Kwa benchi hilo nimejua hadithi za wizi, mapango, meli zilizozama na nyumba zenye milango ya siri kuliko walimu wengi. Nikiulizwa, nasema hivi. Mtoto wa miaka tisa mpaka kumi na miwili usimpe kitabu kinachoanza na hali ya hewa. Mpe ambacho kitu kimepotea ukurasa wa kwanza. Mwizi awepo kwenye hadithi tangu mwanzo, asishushwe mwishoni kama mgeni wa harusi. Watoto ndio wagundue, si mjomba mwenye gari. Na mwandishi asifiche nyayo. Akizificha halafu anakuja kujisifu mwishoni kwamba ana akili, huyo ni tapeli, na vitabu vyake nafungia vitumbua.

Lakini kabla sijampa mtoto kitabu, nampa ile hadithi yangu ya migomba, nauliza: alitokaje? Jibu lake linaniambia anahitaji nini. Akisema "ni jini, Bibi," huyo nampa safari na mapango, anataka kutetemeka. Akisema "alitembea kinyumenyume," namwambia basi tungeona nyayo za kuingia mara mbili, na ni mara moja tu, halafu nampa vitabu vya ramani na maandishi ya mafumbo, maana ana kichwa cha kuchokonoa. Akisema "mzee anajiibia mwenyewe," huyo nampa vile ambavyo watu wazima wanadanganya. Ama nyumbani anadanganywa, ama ana akili sana, na mara nyingi ni yote mawili. Akisema wangeita polisi, nampa kitabu chembamba na kumwombea.

Watoto wanadhani ni mtihani na jibu ninalo. Nilikuwa nasikiliza kwa njaa. Kila jibu nalipima: hili laweza kuwa lenyewe? Hakuna lililowahi kukaa.

Mwaka huu, siku moja baada ya mvua za masika, alikuja baba mmoja amevaa tai, ameshika mkono wa binti yake wa miaka kumi na mmoja.

"Shikamoo mama. Nataka kitabu kimoja cha huyu. Kiwe na mafunzo."

"Marahaba. Mafunzo yako shuleni, baba. Hapa kuna wizi."

Akacheka bila kutaka. Akaniambia mtoto hamalizi kitabu chochote, anaanza anaacha, hiki ni cha mwisho kununua. Binti alikuwa anatazama viatu vyake. Nikampa hadithi yangu. Nikafika mwisho, nikauliza: alitokaje?

Akasugua kiatu kimoja kwa kingine.

"Haya, sema. Jini? Kinyumenyume?"

"Bibi, mbona wewe hujui?"

"Nani kakwambia sijui?"

"Ungejua usingeuliza hivyo. Umeinama."

Baba yake akamfinya bega. Nikamwambia amwache. Binti akaendelea, sasa ananitazama usoni: "Darasani mlikuwa wengi. Wengine walibaki. Kwa nini hujawauliza?"

Jibu lilikuwepo, ila halisemeki mbele ya mtoto. Wale waliobaki darasani nilikuwa nawapita na shingo juu. Nilitaka wanione nimefika. Niende kuwaomba wanimalizie hadithi ya darasa la tatu? Hata siku moja. Nimezunguka na swali mjini kote, isipokuwa pale lilipo jibu.

Nikampa binti kitabu cha ndugu watatu na saa iliyoibwa kwenye treni, nikamwambia: "Ukimaliza hiki, urudi. Nitakuwa nimeuliza."

Jumapili nilipanda mlimani kwenye kanisa la kijijini kwetu. Kwetu Walutheri, asiye na fedha anatoa alichonacho, yai, kuku, mkungu, maziwa, na baada ya ibada vinanadiwa nje hapohapo, mnunuzi analipa kanisani. Nilisimama kwenye mnada nikamwona yule niliyekuwa nakaa naye dawati moja. Hakuhama, alibaki na kahawa yake na migomba yake. Mkungu uliokuwa unanadiwa niliambiwa ni sadaka yake. Nikaupandia bei. Mnadishaji akashangaa, nikajipandia mwenyewe tena mpaka watu wakageuka.

Akanifuata, beseni la mayai mkononi. "Bwana asifiwe. Kumbe bado unaijua njia ya huku."

"Asifiwe sana. Nimekuja na swali."

"Watu wa mjini huwa mnakuja na jeneza. Swali ni afadhali."

Nikamwuliza palepale, kabla moyo haujageuka: "Unakikumbuka kile kitabu cha mwalimu? Cha mzee na nyayo za kuingia tu?"

Aliweka beseni chini. "Wewe! Wewe ndiye wa kuniuliza mimi?"

"Nani mwingine? Ulibaki darasani."

"Tulibaki tukafanywaje? Ijumaa ile uliyokosekana mwalimu alitoa kitabu, akafungua, akaangalia nafasi yako. Akasema, mwenzenu akirudi tutaendelea. Kila Ijumaa tunanyoosha mikono: mwalimu, karudi? Hajarudi. Mpaka akahamishwa, akaondoka na kitabu chake. Darasa zima ulituacha nyuma ya lile ghala!"

Nilitafuta kitu cha kushika, nikashika mkungu.

"Halafu nikasikia una duka la vitabu," akaendelea, kidole kimenielekea. "Nikasema, huyu ameshaujua mwisho, ameukalia hukohuko mjini. Mchoyo kama mama yake."

"Mama yangu mwache. Kwa hiyo hujui nani aliiba?"

"Nitajulia wapi? Alivyotoka najua, hata mtoto anajua. Mwizi ndiye simjui."

Nikamwambia arudie. Akarudia kama anaongea na kiziwi: "Alitoka kwenye mfereji."

"Mfereji haumo kwenye hadithi."

"Haumo? Shamba limenyweshwa jioni. Limenyweshwa na nini, chupa ya chai? Huku shamba gani la migomba halina mfereji? Mwalimu hakuutaja kwa sababu hakuna aliyehitaji kutajiwa. Wewe maji yako yanatoka bombani siku hizi, ndiyo maana."

Neno hilo, limenyweshwa, nimewatamkia watoto miaka na miaka kwa mdomo wangu mwenyewe. Mwandishi hakuficha kitu. Mimi niliyezaliwa kando ya mfereji ndiye niliyeufuta kichwani.

Sikumwamini mpaka nione. Tukaenda shambani kwake na nguo zetu za kanisani, yeye mayai, mimi mkungu. Kulikuwa na tope. Nikavua viatu, nikapandisha gauni, nikaingia mpaka kwenye mgomba, na hatua ya pili nikawa mferejini. Maji ya mlimani baridi, nusura nipige ukelele. Nikashuka nayo mpaka njiani, nikapanda juu, nikarudi kutazama. Nyayo za kuingia, miguu yangu mipana hiyo. Za kutoka hakuna.

"Umeridhika, mwizi?" akasema yule mwenzangu, anacheka mpaka beseni linatikisika.

Nilicheka pia, lakini niliporudi mjini nilikuwa na njaa ileile. Njia nilikuwa nayo, mtu sina.

Binti alirudi. Amemaliza ile saa ya kwenye treni, akanisimulia yote, akakosea sehemu moja tu. Nami nikamweleza mfereji, wa mjini huyu, ikabidi nimchoree chini kwa kijiti: maji yanatoka juu, yanapita shamba hadi shamba, na kila nyumba ina zamu yake ya kufungulia maji, wengine mchana, wengine usiku.

Akautazama mchoro. "Zamu ya mzee ikiisha jioni, nani anafuata?"

"Jirani wa chini. Inabidi apande mferejini usiku ayageuzie maji kwake."

"Basi huyo akionekana mferejini usiku na panga, hakuna anayeshangaa."

Baba yake, aliyekuwa amesimama na simu sikioni, alishusha simu.

Nilikaa kwenye benchi langu mwenyewe, mahali ambapo huwa sikai. Jirani wa chini. Mwalimu aliwahi kumtaja? Kuna mtu alimsalimia mzee asubuhi, akampa pole kwa wizi, nakumbuka. Alikuwa jirani? Wa chini au wa juu? Nikampigia simu mwenzangu wa mlimani palepale. Akasema aliyetoa pole alikuwa mwanamke. Nikasema mwanamume. Akasema mimi nilikuwa nasinzia vipindi vya Ijumaa. Tukakatiana simu, na jioni akanipigia tena.

"Bibi," binti akaniuliza akiwa anaondoka, "mwisho wake ndio huo?"

"Sijui. Wewe unasemaje?"

"Nataka jirani aulizwe kwanza."

Nikampa kitabu kinene kuliko umri wake. Ataweza.

Hivi ndivyo nilivyo navyo leo. Kibanda cha bati chenye rafu za mbao pande tatu. Benchi moja. Nyumba ya tofali Olasiti, vyumba vinne, nimeijenga mwenyewe, na bomba uani. Ng'ombe mmoja wa maziwa. Vitabu, sijavihesabu. Miwani mbili, moja imefungwa waya. Rafiki mmoja mlimani, mbishi. Na hadithi ile, sasa imefika mferejini, inashuka na maji kwenda kwa jirani.