Ombi Lako Limefungwa

Kazini walimwita Bi Waya, na jina lenyewe halikumkera. Tangu aajiriwe idara ya ardhi alikuwa mtu wa kutambaa chini ya meza, tochi mdomoni, akifuata nyaya zilizotafunwa na panya. Ungemuuliza mkubwa yeyote wa idara ile habari za kompyuta, angekwambia kamuulize Bi Waya, kisha angerudi kwenye gazeti lake.

Kwenye masjala ya idara hiyo hiyo, kule kunakotunzwa mafaili, alifanya kazi kaka yake, karani mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Ndugu hawa wa tumbo moja walikuwa hawasemezani. Mama yao alipozidiwa, kaka alimpigia simu mdogo wake aje upesi, naye akajibu kwamba anamalizia kufunga mitambo mipya, angefika jioni. Jioni alikuta shuka limeshavutwa hadi usoni. Siku ya mazishi kaka alimwambia mbele za watu, "Hiyo kazi yako ndiyo itakayokuzika." Basi, ikawa ndiyo kwaheri. Hawakutembeleana tena wala kupigiana simu. Wakipishana kwenye korido, kila mmoja alikumbuka ghafla kwamba kuna tangazo ukutani hajalisoma.

Lakini kununa nako kunachosha. Siku moja printa ya masjala iligoma kweli, na kwa kuwa fundi alikuwa mmoja tu, kaka akameza mate akatuma mtu amwite. Bi Waya alikuja, akaipasua printa tumbo, akatoa karatasi iliyojikunja humo. Kaka akamimina chai vikombe viwili bila kuombwa. Wakaongea habari za printa, kisha za magoti ya kaka, kisha za watoto. Printa ilipopona wakanyamaza tena, kila mtu na hamsini zake.

Toka hapo printa ile ikawa mgonjwa wa kila mara. Kuna siku Bi Waya alikuta waya umechomolewa tu ukutani, mchana kweupe, na bado alikaa pale na bisibisi yake akichokonoa pasipouma, kaka akimimina chai. Hakuna aliyewahi kusema nisamehe. Waliiachia printa iwasemee, nayo, maskini, ilijitahidi.

Ndipo serikali ya jimbo ikaamua kuweka kompyuta zote chini ya kiongozi mmoja. Tusidanganyane, wazo lilikuwa zuri. Kila idara ilikuwa na mkuu wake wa mitambo, nywila zake na siri zake. Ardhi haikusikilizana na maji, maji hayakusikilizana na afya, na mwananchi aliandikwa upya kila dirisha kana kwamba amezaliwa asubuhi ile. Bi Waya mwenyewe alikuwa amelipigia kelele jambo hilo mikutanoni mpaka sauti ikamkauka. Kwa hiyo alipochaguliwa kuwa mkuu wa huduma katika jengo jipya, ng'ambo ya mji, aliipokea kazi kwa mikono miwili.

Mkurugenzi mpya alikuwa mtu wa kunyoosha mambo. "Sitaki mafundi wa kuitwa kwa mluzi," alisema. "Tatizo liletwe kituoni, lipewe namba, fundi alitatue akiwa kitini kwake. Na majibu yatoke kwa jina moja."

"Jina la nani, mkurugenzi?"

"La kwako. Si wewe ndiye mkuu wa huduma?"

Maneno ya majibu aliyatunga Bi Waya mwenyewe, mafupi, yasiyo na porojo. Kwa wale wanaolalamikia mashine isiyo na ubovu aliandika hivi: "Tumekagua, hatukuona hitilafu. Ombi lako limefungwa. Tafadhali usitume tena bila sababu." Chini yake likakaa jina lake kamili, lile alilopewa na mama yake. Aliusoma ujumbe huo mara mbili akaona umekaa vizuri. Hata mimi ningeona hivyo.

Huko juu hakuona tena watu. Aliona michoro, nyekundu kwa yaliyochelewa na kijani kwa yaliyokwisha, na kijani ilipoongezeka alisifiwa. Chai alikunywa peke yake, akiiwaza masjala. Inawezekanaje printa ile haijamgomea kaka muda wote huu? Angetaka kunifikia angetafuta njia, aliwaza. Kumbe bado ana kinyongo. Kuna mchana alichukua mkoba ili amwendee, akafika ngazini, maneno ya mazishini yakamrudia, akageuka. Mtu mzima mzima, na kiburi cha mtoto!

Kisha wifi yake, mke wa kaka, akapiga simu. Kaka alikuwa amejinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana na hakuamka.

Bi Waya alifika kwenye msiba mtandio ukiburuzika, hajui hata gari ameliacha wapi. Wifi alimkuta mlangoni wala hakumpa mkono.

"Umefuata nini hapa?"

"Wifi, nimekuja kumzika kaka yangu."

"Si ulimwambia asikusumbue?"

"Mimi? Tangu nihame hatujasemezana hata neno."

"Alikuandikia, ukamjibu. Akaandika tena, ukamjibu vile vile. Mara ya mwisho alirudi akakaa hapo na viatu vyake mpaka nikamvua mimi. Akaniambia, 'Mdogo wangu amesema nisitume tena.' Daktari alikuwa amemwambia moyo umepanuka. Alitaka wewe ujue. Hakujua aanzie wapi, akaanza na hiyo printa yenu."

"Wifi, sikuwa mimi. Ni mtambo. Fundi akibonyeza, jibu linatoka lenyewe, watu wote wanapata hilo hilo..." Alijisikia anavyoongea, na akaona aibu. Wanawake waliokaa kwenye mkeka walikuwa wanamtazama.

"Maneno yale aliyatunga huo mtambo?" wifi akauliza.

"Hapana. Niliyatunga mimi."

"Na jina pale chini?"

"Langu."

Wifi hakupandisha sauti. Alisogea tu, akauacha mlango wazi. "Pita basi. Yumo chumbani. Kamweleze mwenyewe."

Bi Waya akapita. Alipiga magoti kando ya kitanda, akamshika kaka yake mkono uliokwisha kupoa, akamwambia nisamehe. Akasema tena, na tena, mpaka wanawake walipoingia kumwinua.