Dubu Aliyekuwa Tokunaga

Tokunaga Iwao aliacha mieleka magoti yamechakaa, kitambi kikiwa bado imara. Alikuwa akikaanga vitumbua vya pweza kwenye kibanda cha mkewe, Fumie, pale Osaka, siku alipoitwa na kampuni moja ya michezo ya kompyuta. Mchezo wao wa mapigano tayari ulikuwa na kangaruu bondia na mbweha mwenye upanga. Sasa walitaka dubu. Tokunaga angevaa nguo ya kubana iliyobandikwa vidude vya kunasa mwendo, na kila atakachofanya, dubu naye angekifanya kwenye skrini.

Alirusha ngumi, akaruka, akanguruma mpaka sauti ikamkauka. Msimamizi, mama mpole aitwaye Hatsue, akatazama skrini, akashusha pumzi.

"Bwana Tokunaga, huyu si dubu. Huyu ni mtu aliyekosa treni."

Alirudi nyumbani amenywea. Fumie alicheka mpaka akakaa chini, kisha akamfungia matonge ya wali na kumwambia aende bustani ya wanyama akajifunze kwa wenyewe. Akaenda. Asubuhi nzima dubu hakumtafuta mtu ugomvi. Alikaa kitako, akajikuna mgongo kwenye gogo kwa raha zake, halafu akamzaba kofi mwenzake aliyemsogelea, bila hata kumtazama.

Kesho yake Tokunaga aliacha kujitia ukali. Alijikokota, akajikuna, akagawa makofi ya kivivu. Hatsue alikuwa ameziba mdomo asicheke.

Mchezo ulipotoka, Tokunaga aliingia kifua mbele kwenye jumba la michezo karibu na stesheni, akamchagua dubu. Dada mmoja, karani wa ofisi fulani, aitwaye Kiyono, alikaa kwenye mashine ya pili na mbweha wake, akamtandika mfululizo bila huruma.

Tokunaga akajitetea kwamba dubu yule ni yeye mwenyewe, akasimulia kisa chote. Kiyono akalitazama tumbo, akaitazama skrini, akaamini.

"Sasa mjomba, kama ni wewe, mbona hujui kujitumia?"

Akavuta kiti, akaanza kumfundisha. Fumie alikuja kumwita mumewe wakale, naye akakalishwa, akamchagua kangaruu. Chakula kilipoa nyumbani. Walipoondoka, Tokunaga alikuwa hajamshinda mkewe hata mara moja, na njia nzima alikuwa akimsifu.