Alisimama Kumwamkia Mzee

Ukiuliza watu wa ukumbi wetu wa gemu hapa Hai Cinema, mtaa wa Juba, ni siku gani haitasahaulika, kila mmoja ana yake. Wapo watakaokusimulia yule fundi wa pikipiki aliyempandisha kipa wake mpaka kwenye kona dakika ya mwisho, kipa akafunga kwa kichwa. Wengine watakuambia ya siku jenereta ilipozima mpira wa penalti ukiwa hewani, wakabishana mpaka jioni kama ungeingia au ungetoka nje. Hizo nazicheka pamoja nao. Siku yangu mimi hainichekeshi. Na kila nikisikia wanavyoisimulia sasa, kwamba "binti aliinuka mwenyewe," damu inanichemka. Kwa hiyo nitaieleza polepole, kama ninavyoeleza hesabu darasani, asije mtu akasema hakuelewa.

Ukumbi ni chumba cha mabati chenye televisheni nne. Mbele ya ile kubwa kuna viti viwili vya plastiki, na hapo ndipo fainali huchezwa. Gemu yenyewe ni ya mpira wa miguu: kila mchezaji anaongoza timu nzima kwa padi, kile kidude cha vitufe kinachoshikwa kwa mikono miwili. Mimi ni mwalimu, nilitoka Kenya kuja kufundisha hapa, na Jumapili baada ya ibada nilikuwa nasimama kando ya skrini na kipaza sauti kuwaeleza watazamaji kinachoendelea. Niliipenda sana kazi hiyo. Akina mama waliokuja kuwaburuta watoto wao nyumbani walijikuta wameketi, wananiuliza, "Ustaz, kwani huyo refa amepuliza nini tena?" Ustaz ni mwalimu kwa Kiarabu cha Juba, na hapo ukumbini wengi waliniita hivyo.

Ukumbi una sheria yake: ukiinuka kitini kabla ya filimbi ya mwisho, umeshindwa. Haikuwa sheria ya kijinga ilipowekwa. Hapo awali mtu akishaanza kufungwa aliinuka, akajifanya anajinyoosha, akaziba skrini ili mwenzake asione, au akakanyaga waya kwa bahati mbaya ya kujitakia. Mwenye ukumbi, Mganda mmoja asiyependa makelele, alichoka kuamua ugomvi. Akasema kila mtu akalie kiti chake mpaka mwisho. Sote tuliona ni haki.

Fainali ninayoisema ilikuwa na uzito kuliko zote zilizotangulia, kwa sababu mshindi angekwenda Kampala kucheza mashindano ya miji kwa jina la Juba. Walioingia fainali walikuwa wawili. Mmoja alikuwa kijana mwenye kasi sana, mpwa wa mzee mwenye kiwanja ambacho ukumbi umejengwa juu yake. Wa pili alikuwa msichana aliyekulia Kenya akarudi na shangazi yake, ambaye ana kibanda cha kushona nguo kule Hai Mauna. Nilimfundisha hesabu kidato cha mwisho. Kucheza hakufundishwa na mtu. Alimaliza kushona vifungo, akaja ukumbini, akangoja zamu, na kwa muda mrefu zamu yake ilirukwa kwa sababu eti wasichana huja kutazama tu. Alingoja hivyo hivyo mpaka ikawa wavulana ndio wanaoogopa zamu yake ikifika. Kampala aliitaka kama mtu mwenye kiu anavyotaka maji. Alisikia kwamba kule kuna timu zinazochukua wachezaji na kuwalea, na aliniambia, "Mwalimu, wakiniona mara moja tu, inatosha."

Siku hiyo alicheza vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Bao la kwanza alilitengeneza kwa pasi fupi fupi, bila haraka, mpaka mabeki wa kijana wakavutwa wote upande mmoja, kisha akaupeleka mpira upande wa pili palipokuwa wazi. Niliwaeleza watu: "Tazameni, hakimbii. Anawafanya wenzake wakimbie." Kijana alisawazisha kwa shuti la mbali. Akamgeukia.

"Dada, uzi umekatika hapo!"

"Sindano ninayo," akajibu bila kumtazama. Na kabla ukumbi haujamaliza kucheka, alikuwa amefunga la pili.

Mchezo ukawa unakaribia kwisha, mbili kwa moja, mpira uko miguuni mwa msichana. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mzee mwenye kiwanja na fimbo yake.

Kwa msomaji asiyeifahamu Juba, nieleze hapa. Mzee akiingia, wadogo husimama. Hakuna anayelifikiria jambo hilo, kama vile hufikirii kupepesa macho. Ukumbi mzima ulisimama. Mwenye ukumbi alisimama, mimi nilisimama. Na yule msichana alisimama, akainamisha kichwa, akasema "Salaam, mzee," akaketi. Mikono haikuachia padi. Hakuziba skrini ya mtu wala hakugusa waya. Wala usiniulize kwa nini hakubonyeza kitufe cha kusimamisha mchezo, maana katika mashindano ni marufuku kuusimamisha mpira ukiwa unachezwa. Kijana hakuinuka. Mjomba wake mwenyewe ameingia, naye hata shingo hakugeuza. Akautumia ule muda kumnyang'anya mpira na kukimbia nao, akapiga, ukagonga mwamba ukatoka. Filimbi ya mwisho ikalia. Mbili kwa moja.

Nilikuwa tayari nimelitangaza jina la mshindi pale kijana alipopiga makofi.

"Ameinuka! Si mmemwona? Ameinuka!"

Watu wakatazamana. Mwenye ukumbi akakuna kichwa, akamtazama mzee, akaitazama sakafu. Nikamwendea.

"Unajua kwa nini uliweka sheria hii," nikamwambia. "Uliiweka kwa ajili ya wanaovuruga mchezo. Huyu amevuruga nini?"

"Ustaz, mimi iko naona. Lakini sheria iko moja tu."

"Wewe mwenyewe si ulisimama?"

"Mimi hapana cheza," akasema, na watu wakacheka.

Nikajaribu tena kwa sauti ya chini, kama ninavyomrudia mwanafunzi aliyekosea hatua moja tu katikati ya hesabu. Nikamwambia aliyepoteza kwa kusimama ni msichana mwenyewe, kwani alikaribia kufungwa. Akanisikiliza vizuri. Ndicho kinachonikera mpaka leo, alielewa kila neno. Kisha akainua mkono wa kijana. Nani angemnyima ushindi mpwa wa mwenye kiwanja mbele ya mwenye kiwanja?

Mzee akauliza kelele ni za nini. Wakamwambia, "Mpwa wako ameshinda, mzee." Hakuna aliyeongeza neno. Basi niliongeza mimi, kwa Kiarabu changu cha kuungaunga, mbele ya wote. Nilimwambia msichana ndiye aliyeshinda, na wamemnyang'anya kwa sababu alisimama kumwamkia.

"Alisimama kwa ajili yangu?"

"Ndiyo, mzee. Na mpwa wako alikaa."

Mzee akamtazama msichana tangu kichwani hadi miguuni, na nikaamini, naam, niliamini kabisa kwamba sasa haki itatendeka, kwa sababu alikuwa na neno moja tu la kusema na mambo yote yangenyooka.

"Biniya kwes," akasema. Binti mzuri. "Huyu ataolewa vizuri!"

Akacheka. Ukumbi wote ukacheka naye kwa kufarijika, kama watu walioondolewa mzigo. Kijana alicheka kuliko wote.

Msichana aliipangusa padi kwa pindo la gauni, akaiweka juu ya kiti, akatoka. Nilimkuta nje karibu na jenereta. Nilikuwa bado nawafokea walio ndani.

"Wacha, mwalimu," akasema. "Ukigombana nao hawatakuacha urudi."

"Sitaki kurudi! Wamekuibia."

"Najua."

"Kwa nini uliinuka? Ungebaki pale pale, ungempa mkono baadaye."

Akafikiri. "Miguu ilisimama kabla yangu. Shangazi akisikia nimebaki kitini mbele ya mzee, unadhani nitalala wapi?" Kisha akautazama mlango wa ukumbi. "Yule kijana pia ana mjomba, mwalimu. Mbona miguu yake haikusimama?"

Kanisani tunawafundisha wasimame, nyumbani tunawafundisha, asubuhi nikiingia darasani wanasimama wote pamoja na kunisalimu. Halafu anayetii tunamnyang'anya, na aliyekaidi tunampandisha basi la Kampala. Nilitaka mtu mzima mmoja, mmoja tu, aone aibu. Sikumpata.

Kijana alikwenda, akatolewa mechi ya kwanza. Alirudi na jezi waliyopewa, yenye jina la Juba mgongoni, akawa haivui. Jumapili iliyofuata msichana alikuja ukumbini. Mimi nilikuwa nimeapa kutokanyaga tena, lakini alipita nyumbani kunichukua, na yeye sikuweza kumkatalia. Aliketi. Kijana akaketi kando yake na jezi yake.

"Dada, nina uchovu wa safari lakini," akasema.

Mwenye ukumbi akaninyooshea kipaza sauti huku akitabasamu, kana kwamba hakuna lililotokea. Nikakikataa. Nilisimama nimekunja mikono, na ningesimama hivyo mpaka mwisho.

"Mwalimu," msichana akasema, macho kwenye skrini, "eleza. Wasipoelezwa watasema nimebahatisha."

Nikakichukua. Alifunga matano, na nililieleza kila bao tangu pasi ya kwanza: hapa amemvuta beki, hapa amengoja, hapa kipa amedanganywa na bega. Nilieleza kwa utaratibu, bila kupaza sauti, na niliwaangalia usoni mmoja mmoja. Filimbi ilipolia walipiga makofi kwa nguvu, mwenye ukumbi naye. Kijana akainuka, akajinyoosha, akaenda kununua soda. Jezi ilikuwa bado mgongoni mwake, na hakuna hata mmoja aliyemwambia aivue.